Duka linauza milioni 7.5 kwa mwezi, akaunti ina milioni 2: ninunue hatifungani, hisa au niongeze mzigo?

Binti_Tandika

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa hesabu. Duka ni la vyakula na mahitaji ya nyumbani, rejareja, Tandika. Takwimu za mwezi uliopita ni hizi:

Mauzo wastani 250,000 kwa siku, siku 30, jumla 7,500,000.
Mzigo uliokuwepo tarehe 1, kwa bei ya kununulia: 4,360,000. Manunuzi ya mwezi mzima: 6,290,000. Mzigo uliobaki siku ya mwisho: 4,200,000.
Fremu 150,000 kwa mwezi, ila mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo na mkupuo unaofuata ni mwezi ujao. Msaidizi 200,000. LUKU 60,000. Guta na bajaji za mzigo 80,000. Ulinzi na taka 20,000. Makadirio ya TRA ukiyagawa kwa miezi 12 ni 250,000 kwa mwezi, na awamu ya robo mwaka inatakiwa mwisho wa mwezi huu.
Matumizi ya nyumbani yanatoka kwenye droo, 15,000 kila siku.
Benki na simu kwa pamoja kuna 2,050,000. Mali kauli Kariakoo tunadaiwa 420,000. Wateja wanadaiwa 380,000 kwenye daftari.

Bidhaa nyingi napandisha asilimia 20 juu ya bei ya kununulia, kwa hiyo nachukulia faida ni asilimia 20, yaani milioni moja na nusu kwa mwezi. Swali la kwanza: hiyo milioni 2 niiweke kwenye hatifungani za Serikali (unaikopesha Serikali kwa riba), hisa za benki pale DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam), au niongeze mzigo? La pili: kwa nini rafu zinazidi kuwa nyeupe wakati mauzo hayajashuka?

---

Hesabu_za_Mtaa

Dada, hongera kwa kuhesabu mzigo mwanzo na mwisho wa mwezi. Maduka mengi hayafanyi hivyo, na bila hiyo hesabu hakuna mtu angeweza kukujibu. Nianze na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua la kwanza.

Gharama ya mali iliyouzwa ni mzigo wa mwanzo, jumlisha manunuzi, toa mzigo wa mwisho. Kwako: 4,360,000 + 6,290,000 − 4,200,000 = 6,450,000. Mauzo 7,500,000 ukitoa 6,450,000 unabaki na faida ghafi ya 1,050,000. Gawa kwa mauzo: asilimia 14. Siyo 20.

Tofauti hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya hesabu tu. Ukinunua kitu 1,000 ukakiuza 1,200, umeongeza asilimia 20 juu ya gharama, lakini katika kila shilingi ya mauzo faida ni 200 kwa 1,200, sawa na asilimia 16.7. Kama unataka asilimia 20 ya mauzo, chukua bei ya kununulia ugawe kwa 0.8: kitu cha 1,000 kiuzwe 1,250. Kwa hiyo hata kama kila bidhaa dukani ingepandishwa asilimia 20 bila kukosea, faida ghafi yako ingekuwa 1,250,000 kwa mwezi, wala isingefika 1,500,000.

Sehemu ya pili ni hiyo 200,000 iliyobaki kati ya 1,250,000 na 1,050,000. Hiyo imepotea dukani. Tafuta hapa: sukari, unga, mchele na mafuta ambavyo ushindani haukuruhusu kupandisha asilimia 20, upimaji, bidhaa zilizoharibika au kuliwa na panya, na vitu vinavyoondoka kwenda nyumbani bila kuandikwa. Kilo mbili za unga, lita ya mafuta na sabuni vikitoka kila siku chache bila kuandikwa, daftari litaviona kama hasara ya duka.

Sasa gharama za uendeshaji: 150,000 + 200,000 + 60,000 + 80,000 + 20,000 + 250,000 = 760,000. Toa kwenye faida ghafi: 1,050,000 − 760,000 = 290,000. Hiyo ndiyo faida ya duka kwa mwezi, kabla mwenye duka hajajilipa chochote.

Nyumbani inakwenda 15,000 mara 30, yaani 450,000. Duka linazalisha 290,000, mnachukua 450,000. Pengo ni 160,000 kwa mwezi. Sasa angalia mzigo: ulianza na 4,360,000 ukaisha na 4,200,000. Tofauti ni 160,000 ile ile. Rafu zinakuwa nyeupe kwa sababu nyumba inakula mtaji kidogo kidogo, na kwa mwendo huu mwaka mmoja utaondoka na 1,920,000, karibu nusu ya mzigo wote uliopo leo. Mauzo hayajashuka bado kwa sababu bidhaa zinazotembea bado zipo. Yataanza kushuka siku mteja atakapokosa vitu viwili kati ya vitano alivyokuja kununua, akahamia duka la pili.

Na ile milioni 2: fremu miezi 6 ni 900,000. Awamu ya TRA ni 750,000. Mali kauli 420,000. Jumla 2,070,000. Kwenye akaunti una 2,050,000. Hela yote hiyo ina wenyewe, tena unapungukiwa 20,000. Madeni ya wateja usiyahesabu hapa mpaka yalipwe.

Kwa hiyo kwa leo usinunue hatifungani wala hisa.

---

Kipimo_Sawa

Nakazia upimaji, maana watu huwa wanaupita haraka.

Chukua mfuko wa sukari wa kilo 50, bei ya mfano 130,000, sawa na 2,600 kwa kilo. Unauza kilo 2,800, robo 700. Faida ghafi ya mfuko mzima ni 10,000. Mfuko ukiisha wote kwa robo, ni robo 200. Msaidizi akizidisha gramu 10 tu kwenye kila robo, ambazo ni kama vijiko viwili vya chai, zimeondoka kilo 2. Kilo 2 kwa 2,800 ni 5,600. Kifungashio cha shilingi 10 kwa kila robo ni 2,000 nyingine. Kwenye 10,000 umebaki na 2,400, na hapo hujalipa guta.

Cha kufanya: mzani wa dijitali unaosoma gramu, uwekwe pahali palipo sawa. Bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri kifungashio kikiwa juu. Pima robo na nusu asubuhi kabla wateja hawajajaa, kwa sababu makosa mengi hutokea saa za jioni watu wakiwa kwenye foleni na mkono unakimbia. Mzani wa biashara lazima uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo na una stika. Na kupima pungufu ili kufidia haifai hata kidogo: ni kosa kisheria, na ni kumwibia jirani anayekuamini.

Mafuta ya kupima ni hivyo hivyo. Kipimo kikijazwa mpaka kinamwagika pembeni, katika ndoo ya lita 20 unaweza kupoteza nusu lita bila kuona. Weka sinia chini ya kipimo, na jioni uone kilichojikusanya.

---

Binti_Tandika

Nashukuru sana, sikuwa nimeunganisha 160,000 ya mzigo na hela ya nyumbani. Sasa nipandishe mauzo mpaka kiasi gani ili duka lilipe gharama zote na ile 450,000 ya nyumbani bila mtaji kupungua?

---

Hesabu_za_Mtaa

Jumlisha kila kinachotakiwa kulipwa na faida ghafi: 760,000 + 450,000 = 1,210,000. Gawa kwa 0.14. Unapata 8,642,857 kwa mwezi, kama 288,000 kwa siku. Yaani uongeze karibu 38,000 kila siku, gharama nyingine zikibaki zilivyo.

Njia nyingine ni kubaki na mauzo yale yale ya 7,500,000 na kupandisha asilimia ya faida: 1,210,000 gawa kwa 7,500,000 ni asilimia 16.1. Kutoka 14 kwenda 16.1 kunawezekana bila mteja hata mmoja mpya. Ukirudisha nusu ya ile 200,000 inayopotea kwenye vipimo na vitu visivyoandikwa, tayari uko 15.3. Iliyobaki itoke kwenye mchanganyiko wa bidhaa. Usiguse bei ya sukari na unga, maana hizo ndizo bei ambazo kila mama mtaani anazijua kichwani na atakuhukumu kwa hizo. Pandisha kidogo kwenye viungo, viberiti, sindano na uzi, betri, dawa ya meno, vitu ambavyo mtu hatembei mitaa miwili kufuata shilingi 50.

Wakati hayo yanafanyika, nyumba ichukue 9,000 kwa siku (mara 30 ni 270,000), siyo 15,000. Najua inauma. Hiyo iwe mshahara wako, iandikwe, na kitu kikitoka rafuni kwenda nyumbani kiandikwe kwa bei ya kununulia na kikatwe humo humo.

Na bajeti ya duka uifanye kwa siku, kwa sababu hela inaingia kwa siku. Fremu 150,000 ni 5,000 kwa siku. TRA 250,000 ni kama 8,400. Msaidizi 6,700. Hizo tatu, jumla 20,100, zitoke kila jioni baada ya kufunga na ziende kwenye akaunti au namba ya simu ambayo hailipii mzigo. Wengi huweka hela zote kwenye Lipa Namba moja, wakiona salio linapanda wanakwenda Kariakoo kununua, halafu mwenye fremu anapogonga mlango wanakopa. Mauzo ya siku yakishuka mpaka 150,000, faida ghafi ni 21,000 tu. Bado utatenga zile 20,100, ila siku hiyo nyumba haina chake.

---

Mangi_Mdogo

Mkuu hapo juu kasema vizuri ila kuna kitu kwenye 288,000 kwa siku. Ukizidisha kwa siku 360 ni milioni 103.7 kwa mwaka. Kodi ya makadirio kwa mtu binafsi mwisho wake ni mauzo ya milioni 100 kwa mwaka. Sasa hivi yuko milioni 90. Akipandisha mauzo bila kuangalia, atavuka na kuingia kwenye kodi ya faida kwa hesabu kamili, na risiti za manunuzi atakuwa hana. Bora apandishe asilimia ya faida.

---

Hesabu_za_Mtaa

Ndugu yangu, umefanya vyema kuutaja mpaka huo, lakini nisingependa auogope. Makadirio yanatozwa kwenye mauzo, hata mwezi ambao duka limepata hasara. Kodi ya hesabu kamili inatozwa kwenye faida. Duka la vyakula lina faida nyembamba, kwa hiyo mara nyingi kodi ya faida inakuwa ndogo kuliko ya mauzo. Angalia hapa: faida kabla ya kodi ni 290,000 + 250,000 = 540,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya mtu binafsi mkazi, 270,000 ya kwanza haitozwi, 250,000 inayofuata ni asilimia 8, yaani 20,000, na 20,000 ya juu ni asilimia 20, yaani 4,000. Jumla 24,000 kwa mwezi, dhidi ya 250,000.

Ila masharti yake ni magumu kwa aliyezoea kununua bila risiti. Kila manunuzi yawe na risiti ya EFD yenye TIN yako, mishahara iwe na kumbukumbu, na mhasibu alipwe. Manunuzi ya milioni 6 yasiyo na risiti TRA wanaweza kuyakataa, na hapo faida kwenye karatasi itaonekana milioni 6 zaidi ya ile uliyoipata. Kwa hiyo anza leo kudai risiti za jumla, hata kama bado uko kwenye makadirio. Kisha kaa na mhasibu aliyesajiliwa NBAA (bodi ya wahasibu) ukiwa na daftari la miezi sita. VAT isikusumbue sasa, kiwango cha kujisajili kilipandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 100 hadi 200.

---

Dalali_wa_Dhamana

Mimi nijibu upande wa masoko, kwa sababu siku ziada ya kweli itakapopatikana atarudi na swali lile lile.

Kwanza mali kauli. Tuseme katoni ya sabuni ni 24,000 ukilipa taslimu na 25,000 ukilipa baada ya wiki mbili. Unaona 1,000 ni kidogo. Ni asilimia 4.2 kwa siku 14. Mwaka una vipindi 26 vya namna hiyo, kwa hiyo unalipa riba ya zaidi ya asilimia 100 kwa mwaka. Hakuna hatifungani ya Serikali wala hisa itakayokulipa hivyo kwa uhakika. Shilingi yoyote ya ziada ikamalize kwanza mali kauli yenye bei mbili.

Ya pili ni mzigo unaotembea. Mifuko miwili ya sukari kwa mfano wa hapo juu ni 260,000. Ikiisha mara tatu kwa mwezi na kila mzunguko ukibaki na 10,000 baada ya upotevu, ni 30,000 kwa mwezi. Hela hiyo hiyo kwenye karatasi inayolipa asilimia 12 kwa mwaka ingeleta 31,200 kwa mwaka mzima. Lakini tahadhari: hesabu hii inafanya kazi tu kama mfuko wa ziada unauzika. Ukirundika mifuko mitano na mtaa unakula miwili, mitatu imelala. Duka lako lina mzigo wa 4,200,000 na linauza mali ya 6,450,000 kwa mwezi, maana yake mzigo unakaa kama siku 20. Kwa vyakula ni nyingi mno. Humo ndani kuna bidhaa za siku 5 na bidhaa za miezi minne. Zitafute hizo za miezi minne, ziuze hata kwa bei ya kununulia, na hela yake inunue zinazotembea. Hapo umepata mtaji bila kukopa.

Baada ya hapo ndipo yanakuja masoko, na huko cha kuuliza ni hela hii itahitajika lini.

Hela ya fremu na TRA inahitajika ndani ya miezi 1 hadi 6. Mahali pake ni akaunti ya kawaida au mfuko wa pamoja wa ukwasi, yaani hela za watu wengi zinazowekezwa pamoja na unazoweza kuzitoa haraka. UTT AMIS, kampuni inayosimamia mifuko ya pamoja, wana Mfuko wa Ukwasi tangu 2013: unanunua vipande, ukitaka hela unaomba kuuza na unalipwa ndani ya siku chache za kazi. Thamani ya kipande inapanda kidogo kidogo kulingana na riba ambazo mfuko unapata. Faida haijahakikishwa, na usisubiri siku ya mwisho ya kulipa TRA ndipo uombe.

Hela isiyohitajika kwa miezi 3 hadi mwaka inaweza kwenda kwenye dhamana za Serikali za muda mfupi. Benki Kuu inazitoa kwa siku 35, 91, 182 na 364. Hizi hazilipi riba kwa vipindi, unanunua kwa punguzo. Mnada ukifungwa kwa bei ya 94.50 kwa kila 100, dhamana ya 1,000,000 unailipia 945,000, na siku ya 364 unapokea 1,000,000. Faida ni 55,000. Gawa kwa 945,000 uliyotoa, ni kama asilimia 5.8.

Hela ya miaka mingi ndiyo ya hatifungani: zipo za miaka 2 mpaka 25. Kiwango cha chini kwenye mnada ni 1,000,000. Unafungua akaunti ya CDS (inayotunza kumbukumbu za dhamana zako) ya Benki Kuu kupitia benki yako au dalali, unajaza fomu kabla ya mnada. Kwa mtu wa kiasi kidogo ni rahisi kuweka zabuni isiyo ya ushindani: unataja kiasi tu, unapewa bei ya wastani ya mnada. Riba inaingia benki mara mbili kwa mwaka. Hatifungani ya 1,000,000 yenye riba ya asilimia 10 inakulipa 50,000 kila miezi sita.

Watu wanaposikia Serikali hudhani bei haiwezi kushuka. Serikali itakulipa riba na kurudisha 1,000,000 siku ya kuiva, hilo ni kweli. Lakini ukitaka kuuza kabla, unauza kwa bei ya soko la siku hiyo. Hatifungani mpya ya miaka 20 yenye asilimia 10, soko likipanda na kudai asilimia 12, ya kwako itanunuliwa kama 85 kwa kila 100. Milioni yako ni 850,000. Na kinyume chake pia hutokea: hatifungani za miaka 25 za riba ya 15.95 zilipopata mbadala wa 12.56 mwaka 2022, zile za zamani zikawa lulu na waliokuwa nazo wakauza juu ya 100. Riba ya soko ikipanda, bei ya karatasi ya zamani inashuka, ikishuka, inapanda. Kwa hiyo hela ya fremu haiwezi kukaa kwenye hatifungani ya miaka 20 hata siku moja.

---

Binti_Tandika

Na hisa je? Kuna jirani anasema hisa za benki zimepanda na zinatoa gawio kila mwaka. Pia kuna kikoba wanasema "nunua hisa". Ni kitu kimoja?

---

Dalali_wa_Dhamana

Si kitu kimoja. Hisa ya kikoba ni kiwango cha akiba yako kwenye kundi. Faida inatokana na riba ambayo wanakikundi wenyewe wanalipa wakikopa, na kwa kawaida hela inatoka siku ya mgao tu. Hakuna soko la kuiuzia katikati. Kikoba chenye watu wanaorejesha ni kizuri kwa nidhamu, ila usiweke humo hela ya TRA.

Hisa ya DSE ni kipande cha umiliki wa kampuni. Soko lilianza kuuza hisa mwaka 1998, na TOL ndiyo iliyokuwa kampuni ya kwanza kuorodheshwa. Faida inakuja kwa njia mbili: gawio, na bei kupanda. Zote mbili zinategemea kampuni imeuza nini na imebakiwa na nini, hesabu ile ile tuliyoifanya kwa duka lako ila ina sifuri nyingi. Kabla ya kununua, fungua taarifa ya fedha ya robo mwaka ambayo benki inatakiwa kuitangaza. Angalia mapato ya riba, mikopo chechefu (isiyorejeshwa kwa wakati) imepanda au imeshuka, na faida baada ya kodi. Kisha gawa faida ya mwaka kwa idadi ya hisa, upate faida kwa kila hisa, ulinganishe na bei.

Mfano: bei 1,000, faida kwa hisa 200, gawio 80. Unalipa mara 5 ya faida ya mwaka. Gawio ni asilimia 8 ya bei, na likikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 unabaki na 76. Bei ikipanda mpaka 2,000 na gawio likabaki 80, anayenunua leo anapata asilimia 4 tu. Ndiyo maana kusikia kwamba "zimepanda" ni habari njema kwa jirani aliyenunua zamani, kwako bado ni swali.

Gharama: ukinunua, kamisheni ya dalali na tozo nyingine ni kama asilimia 2, na ukiuza hivyo hivyo. Ukiweka 300,000, kuingia na kutoka kunakula kama 12,000. Kwa hiyo bei ipande zaidi ya asilimia 4 ndipo uanze kuona faida. Ukinunua na kuuza kila mwezi, anayepata ni dalali.

Kingine ni ukwasi, yaani wepesi wa kupata mnunuzi. Hisa za benki kubwa kama NMB na CRDB zinapata wanunuzi mara kwa mara. Kuna kampuni nyingine ambazo unaweza kuweka oda ya kuuza ikakaa wiki kadhaa bila mtu. Bei iliyoandikwa kwenye ubao ni ya mauziano ya mwisho, wala siyo ahadi kwamba yupo mtu wa kukulipa bei hiyo leo.

Na gawio: analipwa aliyekuwemo kwenye rejista siku ya kufungwa. Tangazo la gawio linataja tarehe ya mwisho ya kununua ukiwa na haki ya gawio. Ukinunua baada ya hapo, gawio la mwaka huo si lako, na kwa kawaida bei inashuka kidogo kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe.

Unaweza kununua kupitia dalali mwenye leseni ya CMSA (Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana) au kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, programu ya DSE. Ukitumiwa na mtu yeyote namba ya simu binafsi ili "akununulie hisa" au akuahidi asilimia kadhaa kwa wiki, usitume hela. Dalali mwenye leseni utamkuta kwenye orodha ya CMSA, na hisa zako zitaonekana kwenye akaunti ya CDS yenye jina lako.

---

Mangi_Mdogo

Kwa dada yetu hapa, hisa ziwe hela ambayo hata ikikaa miaka mitano au ikipungua robo, duka halitikisiki. Kwa takwimu zake hela hiyo bado haipo.

---

Binti_Tandika

Nimeelewa. Basi naomba mpangilio wa miezi mitatu ijayo tu, nisichanganye mambo.

---

Hesabu_za_Mtaa

Wiki hii lipa TRA 750,000. Ukichelewa kuna riba na adhabu, na hiyo ni hela inayopotea bure. Mali kauli lipa zile zenye bei mbili tu, nyingine ongea nao zisogee. 900,000 ya fremu itoke kwenye akaunti ya mzigo leo, iwekwe kwenye akaunti nyingine, isionekane unapokwenda Kariakoo.

Daftari la wateja lenye 380,000: andika majina kwa umri wa deni. Ya chini ya wiki mbili yaache. Yaliyopita mwezi, mwendee kila mmoja kwa heshima mkubaliane kiasi cha kila wiki, hata 2,000. Asiongezewe mkopo mpaka alipe la zamani. Na uweke kikomo cha daftari zima, mimi ningesema 200,000, kwa sababu kila 100,000 iliyoko kwa wateja imebeba 86,000 ya mtaji wako.

Nyumba 9,000 kwa siku. Zile 20,100 kila jioni.

Hesabu mzigo tarehe 1 ya kila mwezi kabla ya kufungua, watu wawili, mmoja anahesabu na mwingine anaandika, kwa bei ya kununulia ya mwisho. Vilivyokwisha muda au kulika usivihesabu. Ukikokotoa asilimia ya faida ghafi na ikatoka chini ya 14, simamisha kila kitu utafute kwenye mizani na kwenye vitu vinavyotoka bila kuandikwa. Ikitoka 15 na kuendelea, uko njiani.

Mwisho wa mwezi wa tatu, chukua salio lote, toa fremu iliyokwisha kutengwa, TRA, mali kauli, mshahara wa msaidizi wa mwezi mmoja na manunuzi ya wiki moja, ambayo kwako ni kama 1,500,000. Kitakachobaki juu ya hapo ndiyo ziada. Leta namba hiyo hapa, na hesabu za mzigo za miezi yote mitatu, tuiangalie kama inatosha vipande vya Ukwasi au imefika milioni ya mnada.